Majeruhi aliyekuwa amekunywa: mazungumzo ya robo saa kabla hajaenda nyumbani

Swali: Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura katika hospitali ya wilaya mkoani Kilimanjaro. Zamu ya usiku tuko wawili tu. Wikiendi tunapokea majeruhi wa bodaboda, wa ugomvi na walioanguka, wengi wakinuka pombe. Tunawashona, tunawaonya kwa ukali, na baada ya miezi michache tunawaona tena. Nimesikia kuna ushauri mfupi unaotolewa hapo hapo hospitalini. Je, unasaidia kweli? Unafanywaje, na saa ngapi, wakati hatupati hata nafasi ya kukaa?

Jibu: Dada, anza kwa kuacha ule ukali. Majeruhi anastahili kuambiwa ukweli, lakini mtu akikaripiwa hujitetea, na anapojitetea anatoa kwa mdomo wake mwenyewe sababu za kuendelea kunywa: "Sikuwa nimelewa, ni lori lilinichomekea." "Kijiweni wote tunakunywa." "Kazi hii bila kuchangamsha damu haiendi." Anaondoka amezisikia sababu hizo mara tatu nne, tena kutoka kwa mtu anayemwamini kuliko wote, yaani yeye mwenyewe. Ushauri mfupi unafanya kinyume chake. Kazi yako ni kuuliza kwa namna itakayomfanya yeye ndiye ataje kwa nini apunguze. Mengine yote nitakayoeleza yanasimama juu ya jambo hilo moja.

Kuhusu kusaidia: ndiyo, ila kwa watu fulani zaidi ya wengine. Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika katika hospitali ya Harborview, Seattle, Marekani, ukachapishwa mwaka 1999. Majeruhi 762 waligawanywa kwa kura. Baada ya miezi 12, waliozungumzwa nao walikuwa wamepunguza wastani wa vinywaji karibu 22 kwa wiki, na wasiozungumzwa nao karibu 7. Faida ilionekana hasa kwa wenye tatizo dogo au la kati. Miaka michache baadaye Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kiliingiza ushauri wa namna hii katika masharti ya vituo vikubwa vya majeruhi. Uingereza nako walilinganisha kipeperushi, ushauri wa dakika 5 na mazungumzo ya dakika 20 katika idara za dharura. Makundi yote matatu yalipunguza, na hakuna lililoyashinda mengine waziwazi. Wako waliosoma matokeo hayo wakasema basi mazungumzo hayana maana. Mimi nayasoma hivi: kuulizwa vizuri na kuambiwa matokeo yako nako ni tiba, kwa hiyo usiku ukizidiwa, hata dakika tatu zako zina thamani.

Na hapo hapo mkoani kwenu kazi hii imekwisha kufanyiwa majaribio. Hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, pamoja na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wameutengeneza ushauri huu kwa mazingira yetu na kuuita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Umetengenezwa utolewe na wauguzi, kwa Kiswahili, kwa majeruhi wa idara ya dharura. Takwimu za hospitali hiyo zilionyesha kuwa takriban majeruhi 3 kati ya 10 walikuwa wamekunywa kabla ya kuumia. Tafuteni nafasi ya kwenda kujifunza kwao.

Sasa saa. Mazungumzo na mtu aliyelewa ni kazi bure, kwa sababu asubuhi hatayakumbuka. Ili ujue pombe itamtoka lini, fanya hesabu: mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya kilevi, kisha zidisha kwa 0.8, unapata gramu za pombe. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 56, karibu sawa na bia tatu, ingawa kinaingia mfukoni. Mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na chai ya rangi, maziwa au dripu havizidishi kasi hiyo. Aliyemaliza chupa sita saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado anayo.

Kwa hiyo gawa kazi. Zamu ya usiku mfanye mambo mawili tu: ulizeni maswali matatu ya kwanza ya AUDIT, dodoso la kupima unywaji wa pombe (hunywa mara ngapi, vinywaji vingapi kwa siku ya kunywa, na mara ngapi hufikia sita au zaidi), kwa yule anayeweza kujibu, na wekeni kwenye faili alama mliyokubaliana, hata kanukta pembeni ya jalada. Mazungumzo yafanywe na zamu ya asubuhi, baada ya kubadilisha bandeji na kabla ya karatasi ya kuruhusiwa kusainiwa. Saa hiyo mgonjwa yuko macho, pombe imemtoka, mwili unamuuma, na tukio bado bichi. Subiri hadi kipimo cha fahamu cha Glasgow kiwe 15, yaani alama kamili, maneno yake yawe yamenyooka, ajue leo ni siku gani na nini kimempata. Maumivu yawe yametulizwa. Kama amepewa ketamini kwa kunyooshwa mfupa, au mofini, ngoja saa kadhaa mpaka akili irudi sawasawa.

Hapa naomba nikazie jambo ambalo ni la kabla ya ushauri wowote. Majeruhi anayenuka pombe na amechanganyikiwa asiandikwe "amelewa" mpaka mmepima sukari, mmeangalia mboni za macho na mmemrudia kila baada ya muda mfupi. Pombe inapotoka mtu huzidi kupata fahamu. Anayebaki pale pale au anayezidi kusinzia ana jambo kichwani hadi ithibitishwe vinginevyo. Watu wamekufa kwa damu iliyovujia ndani ya fuvu huku kila anayepita akisema aachwe alale pombe imtoke.

Nani wa kuzungumza naye? Yeyote aliyesema alikunywa kabla ya kuumia, au kipimo cha pumzi kimeonyesha pombe, au AUDIT nzima ya maswali 10 imempa alama 8 au zaidi kati ya 40. Ipo AUDIT ya Kiswahili iliyopimwa kwa majeruhi wa KCMC, kwa hiyo msijitafsirie yenu. Ukiwa na yale matatu ya kwanza tu, alama za juu ni 12. Kwa mwanamume kuanzia 4, kwa mwanamke kuanzia 3, endelea na maswali yaliyobaki.

Kosa kubwa linalotokea kwenye maswali hayo ni kipimo. AUDIT inahesabu "kinywaji" cha gramu 10 hivi, na chupa yetu ya bia ni viwili. Mtu anayekunywa chupa nne kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, muuguzi akihesabu chupa moja ni kinywaji kimoja, atapata alama 3 kwa swali la kwanza, 1 kwa la pili na 0 kwa la tatu: jumla 4. Ukihesabu sawasawa, vinywaji ni vinane, na alama zake ni 3, 3 na 3: jumla 9. Ni mtu yule yule. Chora picha ya chupa na vipimo vyake, uibandike nyuma ya ubao wa kuandikia.

Pombe za kienyeji kama mbege, dengelua na gongo hazina lebo, na nguvu yake hubadilika kutoka kilabu hadi kilabu. Usibahatishe asilimia. Uliza kwa chombo na kwa fedha: lita ngapi, mnakunywa wangapi, jana ilikutoka shilingi ngapi. Swali la fedha mara nyingi huleta jibu la kweli kuliko la chupa, kisha litakufaa tena baadaye kwenye mazungumzo. Gongo imekatazwa kisheria, kwa hiyo mtu hataitaja kirahisi. Uliza "na nyingine za kienyeji?" kwa sauti ile ile uliyoulizia bia.

Kabla hujaanza, angalia nani yuko karibu na kitanda. Mke, mama au bosi wa pikipiki akiwepo, majibu utakayopata ni yao. Waombe kwa heshima: "Mama, naomba nimhudumie peke yake kidogo, nitakuita." Vuta pazia, kaa chini ili macho yenu yalingane. Kisha anza kwa pole.

"Pole sana kaka. Dawa ya maumivu imekushika? Ningependa tuzungumze kama robo saa kuhusu pombe na ajali ya jana. Sikulaumu, na ukikataa matibabu yako yanaendelea vilevile. Unaonaje?"

Akiwa mtu mzima kuliko wewe, shikamoo kwanza, na useme "mzee wangu" au "baba". Ruhusa hiyo si adabu tu. Mtu aliyeruhusu hana tena sababu ya kujitetea. Akikataa, mwambie sawa, mwachie kipeperushi, usimfuate.

Akikubali, mwache aeleze siku yake ya kunywa tangu jioni hadi kulala. Halafu uliza swali ambalo hakulitarajia kwa muuguzi: "Pombe inakupa nini kizuri?" Atacheka, kisha atasema: wenzangu, usingizi, kusahau. Sikiliza bila kupinga hata kimoja. Ndipo uulize, "Na upande wa pili?" Akimaliza, mrudishie kwa maneno yake mwenyewe: "Kwa hiyo inakukutanisha na wenzako na unapata usingizi. Na hapo hapo imekula hesabu ya bosi mara mbili mwezi huu, mama watoto amenuna, na jana umevunjika mguu." Malizia kwa upande wa hasara, kwa kuwa linalosikika mwisho ndilo linalobaki.

Kisha ajali. Usiseme "pombe ndiyo iliyokuangusha". Uliza: "Wewe mwenyewe unaonaje, pombe ilihusika vipi na jana?" Wengine watasema haikuhusika. Usibishane. Sema tu: "Pombe hupunguza wepesi wa macho na mikono hata kabla mtu hajahisi amelewa. Hilo lingeweza kuwa na mchango jana?" Baada ya hapo mpe alama zake: "Majibu yako yametoa 14. Kuanzia 8 tunahesabu ni unywaji unaoweza kuleta madhara. Unalichukuliaje hilo?" Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moja mpaka tano moyoni. Wauguzi wengi huharibu hapa: kimya kinawashinda, wanaanza kueleza ini, figo na watoto, na mgonjwa anarudi kuwa msikilizaji.

Kipande kinachofuata ndicho chenye nguvu zaidi. "Kuanzia moja hadi kumi, uko tayari kiasi gani kubadilisha unywaji wako?" Onyesha kwa vidole vyako kumi kama hesabu ya kwenye karatasi haimkai. Akisema 4, ulimi utakuwasha uulize "mbona siyo 8?" Usiulize hivyo, maana jibu lake litakuwa orodha ya vikwazo. Uliza: "Kwa nini umesema 4 na hukusema 1 au 2?" Sasa inabidi akutajie sababu za kupunguza, na anazitaja yeye. Andika maneno hayo kama alivyoyasema. Akisema 1, uliza: "Nini kingetokea ndipo ungesogea hadi 2?" Akijibu "labda nikiua mtu", au "mwanangu akinikuta nimelala mtaroni", usiharakishe kupita. Mwambie, "Hebu niambie zaidi kuhusu hilo."

Baada ya hapo ndipo unapotoa ushauri, sentensi chache, tena kwa ruhusa: "Naweza kukuambia tunachoshauri?" Mwongozo wa WHO kwa ushauri wa namna hii unataja si zaidi ya gramu 20 kwa siku, yaani bia moja ya mililita 500, na angalau siku mbili za wiki bila kabisa. Mwaka 2023 WHO ilieleza pia kwamba hakuna kiwango kisicho na hatari yoyote, kwa hiyo usikiite "salama". Kwa wengine lengo ni sifuri: mjamzito, mwenye kifafa au ugonjwa wa ini, anayetumia dawa za kifua kikuu, aliyetoka kuumia kichwa, anayepewa dawa ya maumivu ya tramadoli, na yeyote anayekwenda kushika usukani siku hiyo.

Lengo liwe lake. "Nitapunguza" si mpango. Muulize mpaka lipatikane jambo linaloonekana: "Nitakunywa Jumamosi tu, chupa moja, nikiwa nimekula, na pikipiki nimeiacha nyumbani kabla ya kwenda." Kisha jaribu mpango huo pale pale: "Wenzako wakikuzungushia raundi ya pili, utasema nini?" Ofa ndiyo inayoangusha mipango mingi kuliko kiu. Na huko Uchagani mbege ina nafasi yake kwenye harusi, msiba na kupatanisha watu. Kumwambia mtu asiiguse kabisa, bila kumpa namna ya kukaa na wenzake, ni kumwambia ajitenge na ukoo. Mpe kisingizio ambacho pia ni kweli: "Hospitali wamenikataza mpaka mfupa uunge." Pombe kweli huchelewesha mfupa, na mlevi kwenye magongo huanguka tena. Kwa mguu uliovunjika sentensi hiyo inampa kinga ya miezi kadhaa, muda wa kutosha kwa wenzake kuzoea kumwona na soda.

Andika kadi ya mistari mitatu: ninachotaka, nitafanyaje, nani atanisaidia. Aondoke nayo yeye. Kama ametaja mke au kaka wa kumsaidia na ameruhusu, sasa mwite aliyekuwa nje.

Wako ambao robo saa haiwatoshi, na kwao neno "acha leo" linaweza kuwa hatari. Alama 20 na zaidi, anayekunywa asubuhi ili mikono itulie, aliyewahi kupata degedege alipokosa pombe: huyo huenda amekuwa tegemezi wa pombe. Akilazwa na mguu umefungiwa uzito wa kuvuta mfupa, saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho ataanza kutetemeka na kutoka jasho. Degedege huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, kutaka kushuka kitandani, na ndugu watasema amerogwa. Hiyo ni dharura, na huua. Mwite daktari mapema: diazepamu kwa kufuata dalili, kwa uangalifu mkubwa kama kichwa kimeumia, na thiamini (vitamini B1) kabla ya glukosi au pamoja nayo. Akitulia, apewe rufaa kwa kitengo cha afya ya akili. Mazungumzo yako kwake yawe na lengo moja, kukubali rufaa hiyo.

Mwingine wa kutenga ni mwanamke aliyepigwa na mume mlevi. Usianze na unywaji wake yeye, hata kama naye alikunywa. Usalama kwanza, na kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, kama kipo.

Kuhusu PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi: wengi wakisikia neno pombe wanaona polisi. Mweleze wazi kwamba mazungumzo haya ni ya matibabu, na karatasi ya AUDIT isibanwe pamoja na PF3. Lakini usimwahidi siri usiyoweza kuilinda. Kubalianeni na mganga mfawidhi wapi karatasi hizo zitatunzwa na nani atazisoma, kabla hamjamuuliza mgonjwa wa kwanza.

Ufuatiliaji unao tayari bila kuongeza shilingi: siku ya kutoa nyuzi. Za usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za miguuni siku ya 10 hadi 14. Huku unakata uzi, uliza: "Ile kadi imekwendaje?" Dakika tatu zinatosha. Mkituma ujumbe wa simu, ombeni ruhusa kwanza na msitaje pombe ndani yake, kwa sababu simu nyingi husomwa na zaidi ya mtu mmoja. "Habari ya mguu? Kumbuka mpango wetu wa Jumamosi" unaeleweka kwa anayehusika tu.

Kabla ya kuanza, fanyeni mazoezi ninyi kwa ninyi, mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, wa tatu anahesabu: nani ameongea zaidi, na maswali mangapi yalijibika kwa "ndiyo" au "hapana" tu. Muuguzi akiwa ameongea zaidi ya nusu ya muda, rudieni.

Na yule atakayerudi tena, kwa sababu wengine watarudi, usimwambie "si nilikuambia". Mwambie, "Pole kaka, tumekutana tena. Kati ya yale uliyoyaandika kwenye kadi, lipi lilikwenda vizuri kwa muda mrefu zaidi?" Atakuambia wiki mbili, au mwezi mzima. Anzia hapo.